Kufukuzwa kazi Texas hakukunyimi fao moja kwa moja

Ndugu zetu wengi Houston na Dallas wakifukuzwa kazi hukaa kimya, wakiamini aliyefukuzwa hana haki ya fao la kukosa ajira. Sivyo. Texas Workforce Commission, yaani TWC, idara ya jimbo inayoamua madai ya fao hilo, huangalia kosa lenyewe, na mwajiri ndiye anayepaswa kulithibitisha. Ukiandika barua ya kuacha kazi kwa hasira, mzigo wa kuthibitisha unakugeukia wewe, kwa hiyo usikimbilie kuiandika.

Kwa sheria ya jimbo, utovu wa nidhamu ni kama kuvunja sheria makusudi, kukiuka kanuni za usalama na utaratibu kazini, au uzembe unaohatarisha maisha au mali ya mtu. Kushindwa kazi huku ukijitahidi hakumo. Aliyeondolewa ghalani kwa kutofikisha idadi ya maboksi, ilhali anafanya kadiri ya uwezo wake, ana hoja. Aliyelala zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee baada ya onyo la maandishi, hoja yake ni dhaifu. Na kosa linalotajwa liwe karibu na siku ya kufukuzwa. La mwaka jana peke yake halitoshi.

Madai mengi huharibikia kwenye fomu. Mtu anaandika "nilichelewa mara nyingi", basi. Eleza tukio la mwisho: tarehe, sababu, ulimjulisha nani na saa ngapi. Usidai ulipunguzwa kazi ikiwa ulifukuzwa, maana ukibainika umedanganya utarudisha fedha zote na faini ya asilimia 15 juu yake.

Ukikataliwa, una siku 14 za kukata rufaa, zikihesabiwa tangu barua ilipotumwa, hata kama ilikufikia imechelewa. Rufaa hupelekwa kwa mtandao, faksi, posta au ofisi ya Workforce Solutions, yaani ofisi ya ajira ya eneo lako. Kwa simu haipokelewi. Wakati unasubiri, endelea kuomba malipo kila wiki mbili, kwani wiki usizoziomba hazilipwi hata ukishinda.

Shauri la rufaa husikilizwa kwa simu. Omba mapema mkalimani wa Kiswahili, ni bure. Usimtwishe mwanao kazi hiyo. Nyaraka zako zimfikie ofisa anayesikiliza shauri na mwajiri kabla ya siku yenyewe. Mtu wa utumishi wa mwajiri akisimulia jambo ambalo hakuliona, mwulize hapo hapo kama alikuwepo, kwa sababu ushahidi wa aliyeona una uzito zaidi.

Ukishindwa kabisa, zuio la kulipwa fao huondoka ukishafanya kazi wiki 6, au ukipata mshahara unaofikia mara 6 ya fao lako la wiki.