Siku moja kazini: nasikiliza nyangumi Watamu, Kenya

Saa 11 alfajiri niko ufuoni, nakagua betri za kinasa sauti. Ni Agosti, kusi linavuma, na jua likishapanda bahari huchafuka, kwa hiyo tunawahi kutoka. Wakati huu nyangumi wa nundu wamepanda kutoka Antaktika kuja kupandana na kuzaa kwenye maji yetu ya joto.

Saa 12 na nusu tumeshavuka mwamba. Nahodha anazima mashine, nami nateremsha maikrofoni ya majini taratibu. Kwanza wanasikika kamba wadogo wa mwambani wakialika bila kukoma. Kisha dume anaanza: mlio mzito unaoburuta, unapanda ghafla, unakatika, unaanza tena. Waimbaji ni madume, na wimbo mmoja unaweza kupita dakika kumi kabla haujarudiwa. Mama na ndama wao huitana kwa miguno hafifu sana. Majini mwanga haufiki mbali. Sauti ndiyo inayosafiri, karibu mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani.

Saa 2 kasoro inakuja meli. Kwa macho ni alama tu upeoni, lakini masikioni mngurumo umeshajaa. Sehemu kubwa ya kelele hiyo inatoka kwenye rafadha, pangaboi linalosukuma meli: ikizunguka kwa kasi hutengeneza mapovu, na mapovu yanapopasuka ndiyo yanayounguruma, tena kwenye sauti nzito wanazotumia nyangumi wakubwa. Dume simsikii tena. Ukiwa juu ya boti huwezi kutofautisha aliyenyamaza na aliyefunikwa, na kwa jike anayesikiliza ni mamoja. Visiwani Ogasawara, Japani, watafiti waliona meli moja tu ikipita inatosha kuwafanya madume walio karibu wapunguze au waache kuimba, na wengi wa walionyamaza walikaa kimya angalau nusu saa.

"Na hizo meli nani ataziambia, mwanangu?" nahodha ananiuliza.

Namjibu kwamba IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la safari za baharini, lilitoa miongozo mwaka 2014 na kuipitia upya 2023, ila kuifuata ni hiari. Hilo linaniuma, maana dawa inajulikana: mara nyingi meli ikipunguza mwendo, kelele inapungua. Tena kelele haigandi baharini kama mafuta. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 huko Marekani, meli zilipungua katika Ghuba ya Fundy, Kanada. Kelele ikashuka desibeli 6, na kinyesi cha nyangumi wa huko kikaonyesha homoni za msongo zimepungua.

Saa 4 upepo umekaza, tunarudi.

Mchana wote niko mbele ya kompyuta, inayogeuza sauti kuwa picha. Wimbo unaonekana kama mistari inayopanda na kushuka. Meli ni utando mzito chini ya picha. Natia alama dakika kwa dakika.

Saa 11 jioni nakaa na manahodha wa boti za watalii chini ya mwarobaini. Nawaomba wasogee polepole, wasimkatishe nyangumi njia, na wakifika wazime mashine. Mzee mmoja anasema mgeni amelipa, anataka kuona kwa karibu. Namwambia tumsikilizishe pia: tushushe maikrofoni, sauti itoke kwenye spika. Wawili wamekubali kujaribu kesho, na mmoja ameshaenda kuangalia kama betri ya boti lake itatosha.