Nakala ya Tatu

Mwaka 2019 nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni hapa Dodoma, na ripoti yangu ilihusu uhariri wa jeni za ngano, yaani kubadilisha kwa makusudi maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya mmea. Wenzangu walinishangaa. Huku ni kwa mtama, uwele na zabibu; ngano tunakutana nayo ikishakuwa chapati.

Ila mimi nimekulia Hombolo, nikimfuata baba na ndoo ya maji huku yeye kabeba bomba la salfa mgongoni, tukipulizia zabibu. Ule unga mweupe wa ugonjwa wa ubwiri unga juu ya jani, ukiupitishia kidole unabaki kwenye ngozi kama umeshika chaki. Niliposoma kwamba ngano nayo ina ubwiri unga wake (kuvu ni mwingine, tabia ile ile), na kwamba mwaka 2014 watafiti wa China walitangaza wameikinga kwa kuharibu jeni moja, MLO, mada nyingine sikuitaka tena.

Hiyo “moja” ndiyo iliyonitoa jasho. Ngano ya mkate imetokana na nyasi tatu zilizochanganyika zamani, na kila moja ilikuja na seti yake ya jeni. Kwa hiyo MLO zipo tatu. Ukiharibu mbili, ile iliyobaki inatosha kumwachia kuvu njia, na mmea unaugua vilevile. Wale watafiti ilibidi wazipate zote.

Usiku wa kuamkia siku ya kujieleza nilikuwa stesheneri moja pale Ng'ong'ona, nikisubiri nakala tatu. Nikafungua ya kwanza: “ngano ina kromosomu 24.” Ni 42! Hela ya kuchapa upya sina. Nikanunua wino mweupe wa kufutia, nikafuta, nikapuliza, nikaandika kwa kalamu. Ya pili hivyo hivyo. Umeme ukakatika.

“Mdogo wangu, hii ya mwisho njoo uchukue asubuhi,” akasema kaka wa stesheneri.

Asubuhi nikaichukua mbio mbio, nikaigawa na zile mbili.

Mtahini wa tatu, mzee wa watu, alifunua kurasa taratibu, akavua miwani.

“Binti, ngano yako ina kromosomu ngapi?”

“42, Mwalimu.”

“Ya kwangu ina 24.”

Wenzake wakachungulia zao, wakakuta 42 za wino. Ukumbi mzima kicheko. Nikabaki nimeinamia meza, hadi yule mzee aliposema, “Haya, sasa tueleze kwa nini kusahihisha mbili hakutoshi.”

Nikaeleza. Sijawahi kueleza kitu vizuri vile, kabla wala baada.

Jioni nikampigia baba kumwambia nimefaulu. Akafurahi, akasikiliza habari ya ngano mpaka mwisho.

“Sasa kwenye zabibu lini?”

“Bado, baba.”

“Basi ukipata chochote nitumie. Huku salfa imekwisha.”