Nilivyochapa saketi juu ya karatasi kwa vijiti vya betri

Kijana mmoja fundi simu hapa Chake Chake aliniambia nikoroge unga wa penseli na maji, nimimine kwenye katriji ya printa, basi saketi, yaani njia ya umeme, itatoka yenyewe. Printa nilikuwa nimeiazima. Vitundu vyake vya wino ni vyembamba kuliko unywele, unga ukaviziba vyote, nikalipa mashine ya watu. Ushauri ule unanikera mpaka leo. Wino wa printa unaopitisha umeme upo, na mwaka 2013 watafiti wa Tokyo na wenzao walichapa saketi kwa printa ya kawaida, lakini ule ni wa chembe ndogo mno za fedha, na karatasi yake ni ile ya picha.

Nikageukia betri kubwa za redio zilizokwisha. Kile kijiti cheusi cha katikati ndicho kaboni. Ule unga mbichi uliokizunguka una manganizi na chumvi, unakula chuma, usiuguse kwa mkono mtupu. Nilikiosha kijiti, nikakitwanga, nikachekecha kwa kipande cha mtandio mkongwe, kisha nikakoroga na gundi nyeupe ya mbao mpaka ikawa nzito kama uji wa mgonjwa. Fundi wa fulana akaniazima fremu yake ya kuchapia.

Chapa ya kwanza ilipendeza kwa macho tu. Mita ya kupima jinsi mstari unavyoukinza umeme ilisoma omu zaidi ya 20,000, taa ya LED kimya. Nikachapa mara ya pili, nikaanika, nikachapa ya tatu. Halafu, wallahi, nikachukua kijiko nikaisugua mistari kwa mgongo wake, taratibu, chembe zishikane. Mistari ikang'aa kama ncha ya penseli, na mita ikashuka hadi kama 3,000. Kwa betri ya volti 9 hapo huhitaji kizuizi kingine cha kupunguza umeme wa taa, mstari wenyewe unatosha. Miguu ya taa niliigandisha kwa wino uleule, maana risasi ya kuchomelea haishiki kaboni.

"Mjomba, inawaka!" Mtoto wa dada alipiga kelele nyumba nzima ikasikia.

Masika karatasi hunywa unyevu na mita hupanda, kwa hiyo napaka juu rangi ya kucha isiyo na rangi. Ukiikunja karatasi kwa ukucha mstari hukatika. Lakini jana tuliizungusha kwenye chupa ya soda, na taa haikuzima.