Kupeana mikono bado si maridhiano

Kila uchaguzi ukikaribia hapa Nairobi haya maneno huanza kutupwa pamoja kama yote ni kitu kimoja, msamaha, suluhu, upatanisho, maridhiano, kanisani, kwa redio, kwa mikutano ya chifu, na mimi kwa kweli huniuma, kwa sababu tukiyachanganya mwenye kuumia ni yule yule aliyekosewa.

Msamaha ni wa mtu mmoja. Naweza kukusamehe hata kama hujaniomba, hata kama ulishahama mtaa. Suluhu ni ya kumaliza kesi, wazee wanaketi, mnasikizwa, mnaambiwa basi yaishe, mnaenda nyumbani na bado hamsalimiani. Upatanisho mara nyingi unataka mtu wa katikati. Sasa maridhiano ni mpaka kila upande uridhike, na hakuna mtu huridhika kwa kuamrishwa.

Angalia historia yetu tu. Februari 28, 2008, baada ya vurugu za uchaguzi wa Desemba 2007, Rais Kibaki na mpinzani wake Raila walitia saini mkataba, msuluhishi Kofi Annan akiwa hapo, na wakati huo zaidi ya watu 1,100 walikuwa wameshauawa na laki kadhaa wametoroka makwao. Ule mkataba siudharau hata kidogo, ulizima moto na watu wakaishi. Lakini ilikuwa suluhu, ya wakubwa. Ndio maana ikaundwa Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, na huo mpangilio wa jina uko sawa kabisa, ukweli kwanza, haki, halafu ndio mridhiane. Ripoti ikakabidhiwa rais Mei 2013. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta akaomba msamaha bungeni kwa niaba ya serikali na akatangaza hazina ya shilingi bilioni 10 ya kusaidia waathiriwa, na tukapiga makofi. Halafu Machi 9, 2018 ikaja handisheki, Uhuru na Raila wakapeana mikono pale Harambee House, ofisi ya rais, joto likashuka, watu wa biashara tukapumua.

Sasa niambie, kwa hayo yote nani alienda kuuliza mama wa Kibera kama ameridhika?

Namjua mshonaji mmoja huko, cherehani yake ilibebwa Januari 2008 na kijana wa ploti ya nyuma, na yeye alijua ni nani, kila mtu alijua. Miaka mingi walikuwa wakipitana kwa kichochoro, na kanisani akiambiwa ageukie jirani ampe mkono wa amani anampa, sababu atafanyaje na watu wanaangalia. Alishamsamehe, aliniambia hivyo mwenyewe, lakini chai ya kwao hakuweza kunywa. Kilichobadilisha mambo ni yule kijana, saa hizo ni baba wa watoto, kuja na mamake jioni moja, akasema mbele ya watu wa ploti ni mimi nilibeba, niliiuza, akataja na bei, halafu akaanza kulipa kidogo kidogo. Hajamaliza mpaka leo. Lakini yule mama ndiye alimshonea binti wa huyo kijana yunifomu ya kwanza ya shule na siku hizi wanaitana kwa sherehe.

Unaona aliyetembea ni nani? Hata Mathayo 5 inasema ukiwa pale madhabahuni na ukumbuke ndugu yako ana neno juu yako, uache sadaka uende ukapatane naye kwanza. Anayeambiwa atoke ni mkosaji jameni, lakini makanisa yetu mengi hufanya kinyume, aliyeumizwa ndiye huombewa aondolewe uchungu na roho ya kutosamehe.

2027 tutaambiwa tena tushikane mikono, na tutashikana, hiyo si ngumu. Mimi ningeomba kabla ya hapo ile ripoti ya 2013 ifunguliwe, na wale bado wanangoja fidia waitwe, waulizwe mmoja mmoja wanadai nini na ni nani hajawahi kuja kwao.