Wala Viazi wa Van Gogh nimewahamishia Njombe

Kuna picha ya Vincent van Gogh inaitwa Wala Viazi, aliichora 1885 kijijini Nuenen kule Uholanzi. Ni usiku, watu watano wamezunguka kimeza kidogo, taa ya mafuta inaning'inia juu yao, viazi vinafuka mvuke na bi mkubwa mmoja pembeni anamimina kahawa. Wengi wanaomjua Van Gogh wanajua yale maua ya alizeti na ule usiku wa nyota, hii wanaipita maana ni nyeusi nyeusi na zile sura ni kama zimechongwa kwa shoka. Mi naipenda kuliko zote kwa sababu mi ni mtoto wa viazi. Kwetu Njombe kiazi ndo ada ya shule, ndo bati la nyumba, ndo harusi, na lumbesa, ule mfuko unaojazwa kupita kipimo, ndo kilio cha kila msimu, kwa hiyo nilivyoanza hizi kolaji zangu za kukata makaratasi na vitambaa nikabandika upya picha maarufu, hii ilikuwa lazima.

Kwenye barua kwa mdogo wake Theo, Van Gogh alisema rangi ya hii picha imekuwa kama ya kiazi chenye vumbi, tena ambacho hakijamenywa. Niliposoma hapo nikaachana kabisa na karatasi za rangi za dukani. Nikachukua mifuko ya saruji, viroba vilivyochanika, magazeti ya zamani na gundi ya mbao nikailainisha na maji kidogo. Karatasi ya mfuko wa saruji ukiipaka vumbi la mkaa kwa kidole unapata weusi wa kila aina, ukiacha bila kupaka inabaki na ukaki wake ambao ukiuweka karibu na taa unaonekana kama mwanga kabisa. Sura nimetoa kwenye picha za familia, ila ni fotokopi jamani, zile picha zenyewe usiziguse na mkasi.

Kilichonisumbua ni mikono. Van Gogh alitaka tuone kwamba hawa watu, mikono wanayonyoosha kwenye sahani ndo hiyohiyo iliyolima ile ardhi, yaani chakula wamekitolea jasho. Sasa nikaanza kutafuta mikono kwenye albamu zetu, hamna! Picha za ukoo mzima ni za harusi, kipaimara na misiba, mikono imeshika soda, au iko nyuma ya mgongo, au mpiga picha kaikata. Watu wamelima maisha yao yote na hakuna mtu aliyewahi kuona mikono yao inastahili kupigwa picha, hilo liliniuma kweli. Ikabidi niende kuwapiga mama na mama mdogo wakiwa wanachambua mbegu, kucha zina udongo vilevile, wakawa wanasema subiri kwanza tunawe, nikawaambia hapana mama, naomba hivyohivyo. Mikono hiyo nimeiprinti kubwa kidogo kuliko sura na ndo kitu cha kwanza unachokiona.

Yule mtoto wa mbele aliyetupa mgongo nimemkata kwenye kanga ya mama iliyochakaa. Hana sura, na ndo uzuri wake, kila mdogo wangu akiiangalia anasema huyo ni mimi na wote nimewakubalia. Taa nimeiacha palepale alipoiweka Van Gogh ila kwetu ni balbu ya sola inayoning'inia na waya wake, nimeitengeneza kwa ile karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya majani ya chai. Sikutaka kuirudisha nyumba yetu enzi za kibatari ili tu ifanane na Uholanzi. Na kwenye vikombe ni chai ya rangi.

Kuna watu wananiambia huku ni kukopi. Van Gogh mwenyewe alipokuwa hospitali ya wagonjwa wa akili kule Saint-Rémy, Ufaransa, 1889 mpaka 1890, alichukua picha za mchoraji Mfaransa Millet zilizochapwa nyeusi na nyeupe akazichora upya kama ishirini hivi kwa rangi zake, na akamwandikia Theo kwamba mwanamuziki akipiga Beethoven anaweka na tafsiri yake, kwa nini mchoraji asifanye hivyo? Na kama ni kukata na kubandika, mwangalieni Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, anachukua majarida ya mitindo na michoro ya zamani ya vitabu vya udaktari anatoa wanawake ambao hujawahi kuwaona popote. Hakuna anayemuuliza karatasi ilikuwa ya nani.

Inayofuata ni ya huyohuyo Millet, Waokota Masazo ya 1857, wanawake watatu wameinama wanaokota masuke yaliyobaki baada ya mavuno, halafu mbali huko nyuma kuna milundo mikubwa ya ngano na msimamizi juu ya farasi. Hii nayo ni ya kwetu kabisa, shamba likishavunwa wanapita kina mama na watoto kuokota vile viazi vidogo vilivyoachwa. Pale nyuma penye msimamizi naweka fuso limepakia lumbesa mpaka limeinama upande mmoja. Picha nzuri ya fuso la hivyo bado sina, iliyopigwa kutokea mbali shambani, mwenye nayo naomba anitumie.