Jirani na mtambo wa umeme halafu unalala giza

Jamani hii ishu ya Puerto Rico, kile kisiwa cha Karibiani kilicho chini ya Marekani, na kimbunga Maria haijawahi kunitoka kichwani. Kimbunga kiliingilia Yabucoa, kusini mashariki, tarehe 20 Septemba 2017, kisiwa kizima umeme ukakatika, na wale wa mwisho mwisho walikuja kurudishiwa mwezi wa 8 mwaka uliofuata!

Sasa mtu unadhani labda mitambo ndo ilisombwa na bahari, maana mingi mikubwa iko pwani ya kusini, Costa Sur iko Guayanilla, Aguirre iko Salinas kwenye ghuba ya Jobos, ule wa makaa ya mawe uko Guayama. Wala. Mitambo kwa sehemu kubwa ilibaki imesimama, kilicholala chini ni nguzo na nyaya, kwa sababu watumiaji wengi wako kaskazini huko San Juan na umeme ukitoka kusini lazima upande milima ya katikati kwanza ndo ushuke kwao, na shirika la umeme lenyewe lilikuwa limeomba kinga ya kufilisika Julai ile ile likiwa na deni la dola bilioni 9 hivi, sasa matengenezo yangetoka wapi.

Wanaoniuma ni wavuvi na familia za Salinas na Guayama. Moshi wanavuta wao, rundo la majivu ya makaa liko kwao, wanahofia hadi maji ya ardhini wanayokunywa, halafu kimbunga kikipita wanakaa gizani miezi huku dohani wanaziona palepale. Insulini waiweke wapi? Samaki je? Mwenye hela anawasha jenereta, asiye nayo ndo hivyo tena.

Kule milimani Adjuntas, Casa Pueblo, kikundi cha kijamii cha huko, walikuwa na sola zao juu ya paa, taa zikawaka, watu wakaenda kuchaji simu na kutumia mashine za kupumulia. Na Coquí, mtaa wa Salinas ulio jirani kabisa na Aguirre, wakazi wenyewe wanapigania sola za paani, mi naona hao ndo wangeanza kupewa hela. Lakini 2020 serikali ya Marekani ikatangaza karibu dola bilioni 10 kwa shirika la umeme, nyingi za kujenga upya gridi ile ile ya kupanda mlima, na Septemba 2022 kikaja kimbunga Fiona, kidogo tu ukilinganisha na Maria, kisiwa kizima giza tena.