Nilivyopima uzito wa theluji juu ya gereji yetu

Tulipojenga kule Nakuru, fundi alikuwa na hofu moja tu kuhusu paa: upepo usije ukang'oa mabati. Hapa Minnesota, Marekani, hofu ni kinyume chake, kwamba paa litaelemewa. Hata uwanja wa Metrodome mjini Minneapolis, paa lake la kitambaa lilichanika Desemba 2010 kwa theluji ya kama sentimita 43. Kwa hiyo utabiri uliposema mvua itanyesha juu ya theluji iliyokwisha kulala siku kadhaa, sikutulia.

Watu wengi hutazama kina. Kina kinadanganya. Sentimita 30 za theluji mpya huenda zisizidi kilo 30 kwa mita mraba, ilhali kina hichohicho kikiloa maji hupita kilo 100.

Sheria za ujenzi za jimbo hukadiria theluji ya ardhini kuwa ratili 50 kwa futi mraba upande wa kusini na 60 upande wa kaskazini. Paa hukadiriwa asilimia 70 ya hiyo. Sisi tuko kusini, basi ni ratili 35, yaani karibu kilo 170 kwa mita mraba. Lakini gereji yetu ni ya zamani. Nikamulika kenchi kwa tochi, nikitafuta mbao zilizooza, zilizopasuka au zilizokatwa na fundi bomba fulani. Sikuona kitu, ila kwa tahadhari nikajiwekea mpaka wa kilo 120.

Kijana wangu akashika ngazi. Ukingoni mwa paa nikakata mraba wa sentimita 50 kwa 50, kina chake sentimita 45, nikaizoa kwa ndoo mara kadhaa, kila mara nikiipima kwenye mizani ya bafuni. Ukitoa uzito wa ndoo, jumla ni kilo 25. Mara nne, kilo 100 kwa mita mraba. Kila milimita ya mvua ikinyonywa yote huongeza kilo moja, na zilitabiriwa 20. Yaani mpakani kabisa.

Kilichonitisha zaidi ni ile kona ambapo paa la juu la nyumba linakutana na la gereji. Upepo ulikuwa umerundika theluji ya zaidi ya mita moja pale. Kwa uzito uleule, hizo ni kilo 220 na zaidi.

Nilianza na kona hiyo, nimesimama chini na reki yenye mpini mrefu. Kisha nikapunguza pande zote mbili kwa zamu, maana ukimaliza upande mmoja kwanza, kenchi hulemewa upande mmoja. Niliacha sentimita chache nisikwaruze vigae. Barafu ya ukingoni sikuigusa; shoka lingeharibu paa lenyewe.

Usiku wa mvua gari lililala nje. Niliendelea kufungua na kufunga mlango wa gereji, kwa sababu paa likianza kubonyea, miimo hubanwa na mlango hukwama. Ukikwama, au mbao zikianza kulia, unatoka na watu wako na kupiga simu. Wetu ulifunguka vizuri hadi asubuhi.